Flavonoidi za mimea na ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu jambo moja: je, kemikali za mimea zinazoitwa flavonoidi zinaweza kulikinga ini lisiharibiwe na dawa au sumu? Maabara inasema ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Wodini sauti hiyo hupungua sana. Maswali mengi hapa chini yanazunguka tofauti hiyo.

Flavonoidi ni kitu gani hasa?

Ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea yenyewe, nyingine kwa ajili ya rangi ya maua na matunda, nyingine kwa kujihami na jua kali, wadudu na ukungu. Zilizokwisha kutambuliwa zinapita 6,000. Zote zimejengwa juu ya kiunzi kimoja cha kaboni 15, na kinachotofautisha moja na nyingine ni viambatisho vya pembeni.

Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni kwersetini (vitunguu, tufaha), katekini (chai, kakao), hesperidini na naringenini (jamii ya machungwa), apigenini (seleri, kamomili), genisteini (soya) na anthosianini, ile rangi ya zabibu nyeusi. Halafu kuna silimarini, inayotoka kwenye mbegu za mmea wa miiba wenye maua ya zambarau uitwao Silybum marianum. Hiyo ndiyo utakayoisikia zaidi kila ini linapotajwa. Silimarini ni mchanganyiko, na sehemu yake yenye nguvu zaidi huitwa silibini.

Mwaka 1936 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alipendekeza flavonoidi ziitwe vitamini P. Jina hilo lilikuja kuachwa, kwa sababu hakuna ugonjwa uliothibitika kumpata mtu kwa kuzikosa. Ukiliona bado kwenye chupa, jua ni mapenzi ya muuzaji.

Kwa nini ini ndilo linaloumia, na si kiungo kingine?

Kwa sababu limekaa mlangoni. Ini hupokea kama lita moja na nusu ya damu kila dakika, na takriban robo tatu yake inatoka moja kwa moja kwenye utumbo ikiwa na kila ulichomeza. Tena ini halipitishi tu. Linazibadilisha dawa ili zitoke kwa urahisi, na mara nyingine kile linachokitengeneza kinakuwa kibaya kuliko kilichoingia.

Chukua parasetamoli, maana ndiyo inayoeleweka kuliko zote. Ukimeza vidonge viwili vya miligramu 500, sehemu kubwa ya dawa hufungwa pamoja na kitu cha jamii ya sukari au salfa, ikatoka na mkojo bila kelele. Sehemu ndogo, kama asilimia 5 hadi 10, hupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na kugeuka kuwa NAPQI. NAPQI ni kali: ikigusa protini, inagandana nayo. Lakini seli za ini zina akiba ya glutathioni inayoidaka mara tu inapozaliwa. Kwa vidonge viwili, akiba hiyo haitikisiki.

Sasa mtu ameze vidonge 30 kwa mkupuo. Zile njia salama zinajaa, NAPQI inamiminika, glutathioni inakauka, na NAPQI iliyokosa wa kuidaka inajibandika kwenye protini za mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Nishati inazimika na seli inakufa. Zinazotangulia kufa ni seli zilizouzunguka mshipa wa katikati wa kila kijisehemu cha ini, kwa kuwa huko ndiko CYP2E1 ilikojaa. Ukitazama kipande cha ini hilo kwenye darubini unaona pete ya seli zilizofifia, viini vyake vimetoweka, na hatua chache pembeni seli nzima kabisa. Mpaka kati yao unaonekana kama umechorwa kwa kalamu.

Kaboni tetrakloridi, kiyeyusho kilichowahi kutumika kufulia nguo na kujaza vizima moto, hupitia kimeng'enya hichohicho. Hapo kinachozaliwa ni radikali huru inayochachisha mafuta ya utando wa seli, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha yakikaa wazi, isipokuwa hapa ni kwa dakika.

Radikali huru ndiyo nini?

Ni molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, kwa hiyo inampora jirani, jirani naye anampora wa pili, na mnyororo unaendelea. Ukisoma mahali kwamba chai inapambana na "itikadi kali", si siasa. Ni mashine ya kutafsiri imeteleza, na aliyebandika makala hakuisoma.

Basi flavonoidi zinaingilia wapi?

Sifa iliyoandikwa kwenye kila chupa ni kwamba zinadaka radikali huru. Ni kweli kwenye bakuli la maabara, ila kwa maoni yangu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Watafiti huziloweka seli kwenye flavonoidi za maikromola 10 hadi 100 (maikromola ni kipimo cha wingi wa kitu ndani ya kimiminika). Katika damu ya mtu aliyekula chakula cha kawaida, kiwango kwa kawaida hakifiki hata maikromola 1, na hicho kidogo kimekwisha kubadilishwa umbo na utumbo pamoja na ini lenyewe.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2. Muda wote imeshikwa na mwenzake, Keap1, anayeipeleka ikavunjwe. Kikija kitu cha kuichokoza seli, Keap1 analegeza mkono, Nrf2 inakimbilia kwenye kiini na kuwasha jeni za kujihami, zikiwemo za kutengeneza glutathioni zaidi. Flavonoidi kadhaa, au mabaki yake yakishaoksidishwa, ni wachokozi wa namna hiyo. Yaani hazilindi kwa upole wake. Seli inaziona kama kero ndogo, inajiandaa, na kero kubwa ikija inakuta milango imefungwa. Maandalizi hayo huchukua saa kadhaa, jambo litakalotusumbua baadaye.

Zaidi ya hapo, baadhi hutuliza NF-kB, swichi inayoamsha uvimbe baada ya seli kufa. Nyingine huziba milango ambayo sumu huingilia kwenye seli. Na nyingine huzuia vimeng'enya kama CYP2E1 visitengeneze sumu. Hili la mwisho linasikika zuri, lakini ndilo lililowagombanisha watafiti.

Nimesoma tafiti nyingi zinazosema kinga hii imethibitishwa. Kwani si kweli?

Imethibitishwa kwa panya. Ukitaka kujua thamani ya utafiti wa namna hii, ruka kichwa cha habari uende kwenye sehemu ya mbinu.

Utakachokikuta mara nyingi ni hiki. Panya wa kundi moja wananyweshwa flavonoidi kwa siku 7 au 14. Dozi ya mwisho wanapewa saa moja hivi kabla ya sumu. Kesho yake damu inatolewa, vinapimwa vimeng'enya vya ALT na AST ambavyo huvuja kutoka kwenye seli za ini zilizoumia, na vipande vya ini vinatiwa rangi. Waliopewa flavonoidi wana ALT ya chini na ile pete ya seli zilizokufa ni nyembamba. Makala inachapishwa.

Shida ya kwanza ni wakati. Anayekunywa dawa kimakosa hajui siku 7 kabla kwamba atakosea. Flavonoidi ikitolewa baada ya sumu, matokeo mara nyingi hufifia, na tafiti nyingi hata hazijaribu.

Ya pili ni ujanja usiokusudiwa. Kama flavonoidi iliizuia CYP2E1, NAPQI haikuzaliwa kabisa, kwa hiyo hakukuwa na cha kukinga. Ni sawa na kulisifu bati kwa kutovuja siku ambayo mvua haikunyesha. Hata kiyeyusho kinaweza kudanganya: flavonoidi nyingi haziyeyuki kwenye maji, basi huyeyushwa kwa DMSO, na DMSO yenyewe huzuia parasetamoli isigeuzwe kuwa sumu. Mtafiti ambaye hakuwapa panya wa kundi la kulinganisha DMSO ileile amepima kiyeyusho, akamshukuru mmea.

Ya tatu ni kiasi. Tuseme panya walipewa kwersetini miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Kanuni ya kawaida ya kuhamisha dozi ya panya mkubwa wa maabara kwenda kwa binadamu ni kugawa kwa 6.2, unapata kama 16. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu miligramu 970 kwa siku. Kitunguu kina kama miligramu 20 za kwersetini kwa gramu 100, ingawa aina nyekundu huwa na zaidi. Piga hesabu: ni kilo 4 na kitu za vitunguu, kila siku, na bado hatujasema ni kiasi gani kitapita utumbo.

Sisemi tafiti hizi ni upuuzi. Njia ya Nrf2, kwa mfano, imechambuliwa sana kwa wanyama kama hawa. Ila neno "imethibitishwa" limebebeshwa mzigo usio wake.

Kwa binadamu je?

Iliyojaribiwa zaidi ni silimarini, na rekodi yake ina mabonde na milima. Mwaka 1989 jaribio la Austria lenye wagonjwa 170 waliokuwa na makovu ya ini lilionyesha kwamba waliotumia silimarini waliishi muda mrefu zaidi, hasa wale ambao ini lao liliharibiwa na pombe. Watu wakafurahi. Mwaka 1998 jaribio la Uhispania, wagonjwa 200 wa makovu ya ini yatokanayo na pombe, halikuona tofauti yoyote ya kuishi. Mwaka 2012 Wamarekani walichapisha jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini ya C ambao matibabu ya awali yalishindwa. Walipewa miligramu 420 au 700 mara tatu kwa siku, kwa wiki 24, na ALT yao haikushuka kuliko ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hiyo 700 ni kubwa kuliko inayouzwa kawaida, kwa hiyo kisingizio cha "dozi ilikuwa ndogo" ni kigumu kukitoa.

Hayo lakini ni pombe na virusi. Kwa madhara ya dawa hasa kuna jaribio dogo la mwaka 2010 kwa watoto 50 wa saratani ya damu ambao ini lao liliumizwa na tiba. AST ilishuka kiasi kwa waliopewa mmea huo, na haikuonekana kuivuruga tiba ya saratani. Ni dalili njema, ila ya watoto 50.

Kuna mahali popote ambapo flavonoidi hutumika hospitalini kama dawa ya sumu?

Ndiyo, mahali pamoja, na panafundisha sana. Uyoga uitwao Amanita phalloides una sumu ya amanitini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachonakili jeni, RNA polimerasi II. Seli isiyoweza kunakili jeni haitengenezi protini mpya, na mwishowe inakufa. Mgonjwa huanza kutapika na kuharisha saa 6 au zaidi baada ya kula, kisha anapata nafuu ya uongo, halafu ini linaporomoka.

Katika nchi kadhaa za Ulaya mgonjwa huyu hupewa silibini kwa mshipa, kwa kawaida miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Amanitini huingia kwenye seli ya ini kupitia mlango maalumu, OATP1B3, na silibini huuziba. Na kwa kuwa sumu hii hutoka na nyongo ikaingia utumboni na kunyonywa tena, kuuziba mlango hata siku ya pili bado kuna faida. Kwa hiyo hapa silibini inaingia damuni moja kwa moja, kwa kiwango ambacho kidonge hakifikii, dhidi ya sumu ambayo bado iko njiani. Hata hivyo ushahidi wake unatokana na kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa. Hakuna aliyefanya jaribio la kuwagawa waliokula uyoga kwa kura, na sababu unaielewa.

Mtu amemeza parasetamoli nyingi. Nimpe chai ya kijani au silimarini wakati tunasubiri?

Hapana. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anacheka na kuongea. Saa 24 za kwanza mtu anaweza asihisi kitu zaidi ya kichefuchefu, huku uharibifu ukielekea kileleni siku ya tatu au ya nne. Dawa ni N-asetilisisteini, NAC, inayorudisha glutathioni. Ikianza ndani ya saa 8 inaokoa karibu kila mtu, na kila saa inayopita baada ya hapo inapunguza uhakika. Kumbuka kwamba flavonoidi huchukua saa kadhaa kuiamsha seli ijihami. NAC inaleta malighafi ya glutathioni yenyewe. Ikumbuke pia saa aliyomeza, kwa sababu kipimo cha damu husomwa kwa kulinganisha na saa hiyo, kuanzia saa 4 baada ya kumeza.

Natumia dawa za kifua kikuu na naogopa ini. Silimarini itanisaidia?

Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, na hofu yako ina msingi. Majaribio ya kuongeza silimarini yamefanyika na yanapingana: lipo lililoona faida, yapo yasiyoona. Hakuna mwongozo mkubwa wa tiba unaoiagiza.

Kilicho wazi ni ufuatiliaji. Kwa kawaida dawa husimamishwa ALT ikipita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida ikiwa mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata bila dalili. Uamuzi huo ni wa daktari. Usijisimamishie mwenyewe, na usizikate dozi nusu ili "kulipumzisha ini", kwa sababu hivyo ndivyo vijidudu sugu vinavyozaliwa.

Flavonoidi zenyewe zinaweza kuumiza ini?

Zinaweza. Swali hili watu hulisahau, labda kwa sababu neno "mmea" linatuliza moyo.

Katekini kuu ya chai ya kijani huitwa EGCG. Chai ya kikombe, kwa watu wengi, haina tatizo. Lakini dondoo iliyokaushwa na kujazwa kwenye vidonge, mara nyingi kwa ajili ya kupunguza uzito, imewapeleka watu hospitali na macho ya manjano. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye vidonge huambatana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Wengi wa walioumia walikutwa na aina fulani ya jeni, HLA-B*35:01, kumaanisha kwamba kidonge kilekile kinampita mmoja na kumwangusha mwingine.

Kisa cha pili ni cha Limbrel, bidhaa ya flavonoidi iliyouzwa Marekani kwa ajili ya maumivu ya viungo, ikiwa na baikalini na katekini. Iliwaumiza baadhi ya watumiaji ini na mapafu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa onyo watu waache kuitumia, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni. Baikalini ni mojawapo ya flavonoidi zenye sifa nzuri sana kwenye tafiti za panya za kukinga ini.

Kwa jumla, mtandao wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa umekuta kwamba mitishamba na virutubisho vinahusika katika takriban kesi 1 kati ya 5.

Kuzila kwenye chakula?

Kula bila wasiwasi. Matunda, mboga na chai havihitaji sababu ya ini ili viwe chakula kizuri.

Zinagongana na dawa nyingine?

Baadhi, ndiyo. Katika jaribio moja kwa watu wazima wenye afya, chai ya kijani ilishusha kiwango cha nadololi, dawa ya shinikizo la damu, kwa takriban asilimia 85, pengine kwa kuzuia mlango unaoinyonya utumboni. Balungi nalo huzipandisha baadhi ya dawa, ingawa mkosaji mkuu humo ni furanokumarini, si flavonoidi. Anayetibiwa saratani amuulize daktari wake kabla ya kumeza kidonge chochote cha "antioksidanti", yaani cha kudaka radikali huru, kwani baadhi ya tiba hizo hutegemea uharibifu wa oksidi kuua uvimbe.

Nafanya kazi na viyeyusho vya rangi na gundi. Ninywe nini kujikinga?

Vaa glavu zinazofaa kemikali hiyo, fungua madirisha, tumia barakoa yenye kichujio cha mvuke na si ya kitambaa. Kuhusu kunywa, acha pombe: ikitumiwa kwa mazoea huongeza CYP2E1, kile kimeng'enya kinachotengeneza sumu. Hakuna kinywaji kinachofidia chumba kisicho na hewa.

Na hizi dawa za "kusafisha ini"?

Ini si chujio la chai linalozibwa na uchafu. Halisafishwi.

Nitajuaje kwamba ini limeguswa, na nimwambie nini daktari?

Mkojo wa rangi ya chai nzito, macho ya manjano, kuwashwa mwili bila upele, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia, uchovu wa kukulaza. Ukiwa na mojawapo baada ya kuanza dawa au kirutubisho kipya, kapime. Karatasi ya majibu ikirudi, daktari huangalia zaidi ya ALT pekee. ALT iliyopita mara 3 ikiambatana na bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo) iliyopita mara 2 ya kawaida, bila nyongo kuziba, ni ishara mbaya: daktari wa Marekani Hyman Zimmerman aliona kwamba kama mgonjwa 1 kati ya 10 wa namna hiyo hupoteza maisha.

Kuhusu la kumwambia, usitegemee kumbukumbu. Beba chupa zenyewe kwenye mfuko: za hospitali, za duka la dawa, vitamini, na ule unga wa majani uliopewa na shemeji ambao hukuwahi kuuhesabu kuwa ni dawa. Andika tarehe uliyoanza kila kimoja na tarehe ya dalili ya kwanza. Pengo kati ya tarehe hizo mbili mara nyingi ndilo linalomwonyesha daktari pa kuanzia.